Jeti ya bondeni: kabureta za tu-stroki kubwa katika milima ya Mbeya

Kyela hadi uwanda wa Kitulo ni mwendo wa siku moja kwa pikipiki, lakini ndani ya siku hiyo kabureta hukutana na hewa mbili zisizofanana. Kyela iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini 1,700, Kitulo 2,600 na zaidi. Dereva wa Boxer hahangaiki sana na tofauti hiyo. Injini yake ina oili yake chini, na ikikosa pumzi mlimani anapunguza gia, basi. Mwenye tu-stroki, yaani pikipiki ya kuchanganya oili na petroli kama Honda CR500, Kawasaki KX500 au KTM 300, hana raha hiyo, kwa sababu petroli ndiyo inayobeba oili hadi kwenye pistoni na beringi za kranki. Petroli ikipungua, oili imepungua pamoja nayo, na joto linapanda wakati huohuo.

Ndiyo maana ushauri wetu unaotangulia mingine yote ni huu: jeti kubwa, yaani kipande cha shaba chenye tundu linalopima petroli mpini wa mafuta ukifunguliwa wote, ichaguliwe kwa sehemu ya chini kabisa utakayopita siku hiyo, si kwa kilele. Wengi hufanya kinyume. Wanafika juu, pikipiki inakohoa na kufuka moshi, wanashusha jeti mpaka mlio unanyooka, halafu kesho yake wanateremka na jeti ileile. Pistoni hushika, yaani hukwama ndani ya silinda, wakati wa kuteremka, na lawama zote hupewa oili.

Hesabu ya hewa

Hewa ya Mbeya mchana wa nyuzi 24 ina uzito wa kama asilimia 80 ya hewa ya pwani yenye nyuzi 20. Kitulo kwenye nyuzi 14 hubaki kama asilimia 74. Nguvu ya injini hushuka karibu kwa kiasi hichohicho, na hakuna jeti inayoirudisha. Hili likubaliwe mapema, maana fundi anayeitafuta nguvu ya pwani juu ya Kitulo kwa kubadili jeti atashusha namba mpaka aunguze kitu.

Kabureta haijui uzito wa hewa. Huvuta petroli kwa nguvu ya upepo unaopita kooni mwake, kwa hiyo hewa ikipungua uzito kwa asilimia 20, petroli hupungua kwa kama 10 tu. Hayo yanayobaki ndiyo mafuta ya ziada yanayokohoza injini. Sasa, namba za jeti kubwa za kabureta za Keihin hufuata kipenyo cha tundu. Ukitaka kupunguza petroli kwa asilimia 10, kipenyo kinapungua kwa 5 tu. Marekebisho ni madogo kuliko watu wanavyodhani.

Tuchukue injini ambayo pwani, nyuzi 20, inakwenda vizuri na Keihin 175. Kyela mchana wa nyuzi 33 itataka kama 170. Kyela hiyohiyo baada ya mvua, nyuzi 20, itataka 172. Mbeya mchana wa nyuzi 24 ni 165, lakini Mbeya alfajiri ya Julai kwenye nyuzi 8 ni 168. Kitulo mchana 162, na asubuhi yenye sakitu 165. Ukizitazama namba hizo utaona kwamba Kyela ya jua kali na Mbeya ya baridi zimeachana kwa hatua moja tu, kwa sababu joto la bondeni linafanya sehemu ya kazi ya mlima. Anayefuata kimo peke yake bila kipimajoto anakosea nusu ya hesabu. Namba hizi ni za kuanzia. Plagi na pistoni ndizo zinazotoa hukumu.

Jeti kubwa za kabureta za Mikuni, zile za pembe sita, zina namba ya kiasi cha mafuta yanayopita, si ya kipenyo. Huko namba inashuka kwa kama asilimia 10 pale ambapo ya Keihin inashuka kwa 5. Usihamishe hatua za Keihin kwenda Mikuni, wala jeti yenyewe: nyuzi za skrubu ni tofauti, na jeti iliyolazimishwa huharibu shaba ya ndani isiyo na kipuri.

Kuteremka

Barabara ya kutoka Matamba kwenda Chimala, ile ya kona 57, inashusha zaidi ya mita elfu moja ndani ya muda mfupi. Kwa walio Iringa, mteremko wa Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni una hesabu ileile. Mambo mawili hutokea pamoja. Hewa inazidi uzito kila kona, kwa hiyo jeti iliyokuwa sawa juu inaanza kubania. La pili ni baya zaidi: dereva anafunga mafuta na kuiacha injini ishike breki. Kwa tu-stroki kubwa, slaidi (kizibo cha kabureta kinachovutwa na mpini wa mafuta) iliyofungwa huku kranki ikizunguka kwa kasi maana yake pistoni inasugua silinda ikipata matone tu ya jeti ndogo, ile inayolisha injini mpini ukiwa umefungwa.

Dawa haigharimu kitu. Teremka kwa gia ya juu zaidi kuliko unavyopenda, tumia breki zote mbili, shika klachi mara kwa mara ili injini irudi sailensa (mzunguko wa taratibu wa mafuta kufungwa), na kila baada ya sekunde chache fungua mafuta kidogo, robo ya mpini, kisha achia. Unapofika chini, usifungue mafuta yote palepale. Barabara iliyonyooka ya Usangu inashawishi, lakini silinda iliyoteremka muda wote bila mafuta ya kutosha inahitaji dakika mbili tatu za mwendo wa wastani.

Ukitaka kukaa Makete siku kadhaa, badili jeti kubwa, hakuna ubaya. Kabureta ya Keihin PWK ina nati ya 17 chini ya bakuli. Funga koki ya petroli, fungua nati, na jeti inatoka kwa soketi ya 6 bila kushusha kabureta. Kabla ya kuteremka irudishwe ya bonde. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, acha jeti kubwa ya chini, ukifika juu fungua skrubu ya hewa nusu mzunguko, na ikibidi pandisha hatua moja klipu ya sindano, kijiti chenye ncha kinachoning'inia kwenye slaidi. Itakohoa kidogo ukifungua mafuta yote, lakini Kitulo si mahali pa kushikilia 500 mafuta yote. Tena eneo kubwa la uwanda ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, kwa hiyo majaribio ya kelele yafanyike kabla ya kuingia.

Kabureta ipi

CR500R, iliyotengenezwa hadi 2001, ilikuja na Keihin PJ ya milimita 38. KX500, ya mwisho ikiwa ya 2004, ina PWK ya 39. YZ250 za miaka ya karibuni zina PWK 38. KTM 300 EXC ilitumia PWK 36 hadi 2016, mwaka uliofuata ikapewa Mikuni TMX 38, na toka 2018 ikaacha kabureta na kuhamia kwenye sindano za umeme (injekta), jambo ambalo kwa safari za kupanda na kuteremka ni nafuu kubwa, ingawa ukikwama Bulongwa hakuna wa kukusaidia.

Ukubwa wa koo unawapotosha watu. Wanaona injini ya sentimita 500 za ujazo, wanataka 40 au 41. Koo kubwa hupunguza kasi ya upepo kwenye robo ya kwanza ya mpini, na hapo ndipo pikipiki ya milimani inaishi: matope ya Rungwe, mawe, kona za kutambaa. Upepo ukiwa mlegevu, petroli haipasuki vizuri na jeti ndogo haisikilizi marekebisho. Kwa 250 na 300 za njia za mlima, 36 inatosha kabisa. Kwa 500, 38. Koo la 39 na kuendelea liachiwe uwanja wa mashindano au barabara ndefu za tambarare. Ukiwa na PJ nzima, usiitupe. Kubadili kwenda PWK ya mapezi mawili kooni kunaongeza wepesi wa kuitika ukifungua mafuta ghafla, si nguvu ya juu.

PWK za kunakili ndizo rahisi kupata kwa kuagiza Kariakoo au mtandaoni. Baadhi zinafanya kazi, nyingi zina makosa matatu: slaidi inacheza ndani ya mwili wake, tundu la skrubu ya hewa halikutobolewa sawasawa, na jeti zina namba zisizolingana na matundu. Jaribio la haraka ni kuishika slaidi ikiwa imefungwa na kuitikisa mbele na nyuma. Ikigonga, hewa itapita pembeni na sailensa haitatulia kamwe. Kama huna budi kuinunua, nunua mwili huo lakini jeti na sindano ziwe halisi za Keihin.

Zipo pia kabureta zisizo na jeti, kama Lectron, ambazo hupima petroli kwa fimbo iliyochongwa ubavu mmoja. Hubadilika zenyewe na kimo kwa kiasi fulani, na kwa jiografia yetu zina maana. Ila fimbo isiyo sahihi haina mbadala katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, na mafundi wengi hawajaigusa. Kabureta ya Boxer au TVS haifai hapa hata kwa dharura.

Kabla ya kugusa jeti

Nusu ya matatizo yanayoitwa ya kabureta ni hewa inayoingia kwa njia ya wizi. Sili ya kranki upande wa sumaku ikichoka, injini inavuta hewa bila petroli. Sailensa inapanda na kugoma kushuka, na hakuna jeti itakayotibu. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe usiokwisha, plagi yenye maji ya oili, na oili ya gia inapungua bila tone chini. Raba ya manifoldi hupasuka kwenye shingo, chini, pasipoonekana mpaka uikunje.

Kipimo cha kweli ni kuziba manifoldi na tundu la ekzosi, kujaza hewa ya 0.4 bar ndani ya injini, na kungoja dakika 6. Isishuke zaidi ya 0.07 bar kwa dakika. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye sili, gasketi ya chini ya silinda na manifoldi, utaona mapovu. Pampu ya mkono yenye geji na vizibo vya raba vinatosha. Fundi anayebadili jeti kwenye mashine ya miaka 25 bila kufanya kipimo hiki anacheza bahati nasibu kwa fedha ya mteja.

Ridi, yaani vibamba vya valvu kati ya kabureta na injini, zitazamwe kwenye mwanga: kibamba kilichomeguka ncha au kilichoachia nafasi hurudisha mafuta nyuma, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka na inachafua kisafisha hewa. Sifongo ya kisafisha hewa ioshwe na kupakwa oili yake. Vumbi la Usangu la Septemba likipita, linakula sindano na kitundu chake. Kitundu kikishakuwa na umbo la yai, injini inakuwa nzito katikati ya mpini hata ukishusha sindano hadi mwisho. Watu hubadili jeti kubwa tano kutibu ugonjwa huo, na jeti kubwa haihusiki.

Boya liwe milimita 16 hivi kutoka uso wa gasketi kwa PWK na PJ nyingi, likipimwa kabureta ikiwa imeinamishwa ili ulimi uguse tu kisindano bila kukandamiza chemchemi yake. Boya likiwa juu mno petroli humwagika kwenye kila mpando mkali. Likiwa chini mno, injini hukauka mafuta kwenye mpando mrefu wa gia ya tatu. Na jeti zisafishwe kwa hewa ya kompresa au uzi wa nailoni. Waya wa klachi, silaha pendwa ya mafundi, hupanua tundu, na baada ya hapo namba iliyoandikwa juu yake ni uongo.

Kuitengeneza

Injini iwe imepata moto kabisa. Weka alama kwenye mpini wa mafuta kwa utepe: kufungwa, robo, nusu, robo tatu, wazi. Bila alama hizo utabishana na sauti usiyojua inatoka kwenye saketi gani. Jeti ndogo na skrubu ya hewa hutawala hadi robo. Sindano hutawala kutoka robo hadi robo tatu. Jeti kubwa huchukua iliyobaki. Mkato wa slaidi unagusa eneo dogo kabla ya robo, na mara nyingi huachwa kama ulivyotoka kiwandani.

Anza na jeti ndogo. Pandisha sailensa kidogo, zungusha skrubu ya hewa robo robo mpaka injini ipande juu kabisa, kisha shusha sailensa. Hesabu mizunguko kutoka kufunga kabisa. Ikiwa kati ya 1 na 2.5, umefika. Chini ya 1, jeti ndogo ni ndogo mno, panda hatua moja. Zaidi ya 2.5, ni kubwa mno, shuka. Injini iliyotumia jeti ndogo 50 pwani kwa kawaida hutulia na 48 Mbeya.

Hapa kuna mtego kwa mafundi wetu waliokomaa na bodaboda. Kwenye kabureta nyingi za bodaboda skrubu iko upande wa injini na inapima mafuta: kuifungua kunaongeza mafuta. Kwenye PWK iko upande wa kisafisha hewa na inapima hewa: kuifungua kunapunguza mafuta. Mkono uliozoea moja utaharibu nyingine kwa nia njema.

Kisha jeti kubwa. Anza hatua mbili juu ya hesabu. Tafuta barabara ya vumbi iliyonyooka isiyo na watu wala ng'ombe, iwe na mpando mdogo, gia ya tatu au ya nne, mafuta yote kwa sekunde kadhaa. Ikibwabwaja kwa mlio wa kukatika na haipandi, petroli ni nyingi mno. Shuka hatua moja moja mpaka mlio unyooke, kisha rudi juu hatua moja na uache hapo. Ukisikia mlio wa kokoto ndani ya silinda, au nguvu inayoanza vizuri kisha inalegea, funga mafuta mara moja, shika klachi. Kusoma plagi kunahitaji plagi mpya, mbio moja ya mafuta yote, kuzima injini kwa kitufe huku umeshika klachi, na kutazama pete ya rangi kwenye kauri chini kabisa, ndani. Rangi ya ncha ya juu inaeleza sailensa ya dakika iliyopita, haisemi lolote kuhusu jeti kubwa.

Sindano ndiyo inayokula muda, na ndiyo yenye faida, kwa kuwa 500 huendeshwa nusu ya mpini karibu siku nzima. Klipu ikipanda, sindano inashuka, mafuta yanapungua. Injini ikisitasita na kuvutavuta kwenye mwendo wa kawaida, shusha klipu. Ikinguruma kizito na kumwaga oili nyeusi kwenye kiungo cha ekzosi, pandisha. Hatua moja ya klipu ikiwa nyingi mno, herufi ya mwisho ya sindano za PWK husaidia: H ni nyembamba kuliko J, J kuliko K, kwa mia ya milimita, na nyembamba hupitisha mafuta zaidi mwanzoni mwa robo. Ukimaliza, rudi kwenye skrubu ya hewa, maana itakuwa imesogea kidogo.

Oili, petroli na asubuhi za baridi

Kuongeza oili hakufanyi mchanganyiko uwe mzito. Oili inachukua nafasi ya petroli, kwa hiyo kutoka 1 kwa 40 kwenda 1 kwa 20 kunapunguza petroli inayopita kwenye jeti ileile, na injini inapata moto zaidi. Chagua uwiano mmoja kabla ya kutengeneza, usiubadilishe. Kwa 500 inayofanya kazi milimani tunapendelea 1 kwa 32, yaani mililita 31 kwa lita, au 156 kwa dumu la lita 5. Iwe oili ya tu-stroki yenye alama ya JASO FD. Ile 20W-50 ya bodaboda haichanganywi na petroli.

Petroli ya chupa kando ya njia ni hatari kwa kompresheni ya mashine hizi, hasa ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa. Mlimani inaweza kupita bila kelele, kwa kuwa hewa nyepesi inapunguza shinikizo ndani ya silinda. Petroli hiyohiyo ikifika Kyela inagonga. Kama umelazimika kuinunua Makete, itumie hukohuko na ujaze kituoni Chimala au Uyole kabla ya kuendelea kushuka.

Asubuhi ya Julai, pistoni ya alumini inatanuka haraka kuliko silinda yenye maji baridi kuizunguka. Ukiondoka na mafuta mengi baada ya kupiga teke tu, inashika sehemu nne kuzunguka pistoni, na jeti haina kosa. Vuta choki, iwashe, iache kwenye resi ndogo, na usiingize gia mpaka silinda na rejeta zote mbili ziwe na joto la kuhisika kwa kiganja.

Mfuko wa safari ya Kyela hadi Kitulo ubebe jeti kubwa 162, 165, 168, 170 na 172, jeti ndogo mbili, plagi mbili za NGK za namba 8 au ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, soketi ya 6, spana ya 17, bisibisi fupi ya skrubu ya hewa, na bomba la raba la kumwaga bakuli. Kila jeti ikae kwenye kimfuko chake chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu, kwani namba zilizogongwa kwenye shaba hazisomeki ukiwa na vidole vya baridi na tochi ya simu.